Wakili Aliyewinda kwa Kamera

Mtu akisimama Chiwata, karibu na ukingo wa Uwanda wa Juu wa Makonde, wakati jua linapoanza kuinama, huona mashamba ya mihogo na mikorosho, na mbele yake mbuga zinazokwenda mpaka macho yachoke. Upande wa kusini, mbali, unapita mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto huo ni Msumbiji. Watu waliweka mpaka katika mto huo, lakini tembo hawakushirikishwa katika shauri hilo. Tangu enzi na enzi wamevuka kwenda na kurudi bila hati wala kibali. Leo wako kwetu, kesho wako kwa jirani. Na kila wapitapo shambani usiku mmoja, jasho la mkulima la msimu mzima huondoka nao.

Basi katika vijiji vya Masasi, Nanyumbu na Newala husikika swali ambalo si jepesi kulijibu: mnyama huyu ni wa nani? Ni wa mwenye shamba alilolila? Ni wa wilaya alimolala? Ni wa taifa zima, hata kwa mkazi wa Unguja au Pemba ambaye hajapata kumwona? Au ni wa mataifa mawili kwa pamoja, kwa kuwa maisha yake yako pande zote mbili za mto?

Swali la namna hiyo lilipata kuulizwa nchini Marekani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na aliyeliuliza kwa lugha ya sheria alikuwa wakili mmoja aliyependa wanyama wa porini na kupiga picha kuliko alivyopenda kesi. Jina lake ni George Shiras wa Tatu. Tumeona vema leo tuwasimulie wasomaji wetu maisha yake, kwa kuwa mengi aliyoyaanzisha yanatugusa sisi tulio pwani hii na visiwa vyake, ingawa wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake.

Shiras alizaliwa tarehe 1 Januari 1859 katika mji wa Allegheny, jimbo la Pennsylvania, mji ambao baadaye uliunganishwa na jiji la Pittsburgh. Aliitwa wa Tatu kwa sababu babu yake na baba yake walikuwa na jina hilo hilo. Ulikuwa ukoo wa watu wenye nafasi na elimu. Baba yake alikuwa mwanasheria mashuhuri, naye alipanda ngazi hata akawa mmoja wa majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani kuanzia mwaka 1892 mpaka 1903. Mwana alifuata nyayo za baba. Alihitimu Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1881, kisha akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Yale na kumaliza mwaka 1883. Mwaka huo huo alikubaliwa kuwa wakili, akaanza kazi Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma na moshi mzito.

Lakini moyo wake haukuwa mjini. Wazee wake walikuwa wavuvi na wawindaji wa kujifurahisha, na kila kiangazi walikwenda kaskazini, kwenye misitu ya jimbo la Michigan inayopakana na Ziwa Superior, karibu na mji mdogo wa Marquette. George alianza kwenda huko akiwa mtoto, na misitu ile ikamteka. Mwaka 1885 alioa Frances, binti wa Peter White, mmoja wa watu wakubwa wa mji huo. Tangu hapo Marquette ikawa ndiyo nyumbani kwa roho yake, na ndiko alikokuja kumalizia siku zake.

Katika misitu hiyo alijifunza uwindaji wa usiku, mbinu iliyokuwa ya wenyeji wa asili wa nchi ile, watu wa kabila la Ojibwe. Mwindaji hukaa katika mtumbwi, na mbele ya mtumbwi huwashwa moto katika chombo cha chuma. Mtumbwi huenda polepole kando ya ziwa bila kishindo. Kulungu aliyeshuka kunywa maji huuona mwanga, akashangaa, akasimama akiutazama. Macho yake hung'aa gizani kama makaa mawili, na hapo ndipo mwindaji hulenga. Wavuvi wetu wa dagaa wanaotumia karabai baharini wanaielewa vizuri siri hiyo: kiumbe wa gizani akitiwa mwanga machoni hupoteza akili yake. Na wako wengine bara wanaoielewa kwa njia isiyo halali, wale wanaoingia porini na kurunzi na gobori, ijapokuwa sheria yetu inakataza kuwinda kwa taa.

Shiras aliua kulungu wengi kwa njia hiyo katika ujana wake. Asingefaa mtu kumfanya malaika. Alikuwa mwindaji kama wenzake, tena mwenye shabaha. Lakini kuelekea mwisho wa miaka ya 1880 jambo fulani lilibadilika ndani yake. Aliona kwamba furaha ya kuwinda ilikuwa katika kunyatia, kungoja, kujua tabia za mnyama na upepo unakovuma, na kwamba risasi ilipolia furaha yote ilikwisha, ikabaki nyama tu ambayo yeye, mtu wa nafasi, hakuihitaji. Akawaza: je, haiwezekani mtu kuwinda kwa ustadi ule ule, akarudi na kumbukumbu ya mnyama, naye mnyama akabaki hai? Hapo akaanza kuweka bunduki kando na kushika kamera.

Msomaji wa leo, ambaye hata simu yake ya mkononi hupiga picha, ni vigumu kwake kuelewa uzito wa jambo hilo. Kamera za siku zile zilikuwa masanduku makubwa ya mbao. Picha zilichukuliwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa, kila kioo kwa picha moja. Vioo hivyo vilihitaji mwanga mwingi, na mwenye kupigwa picha alipaswa kutulia kimya. Je, nani atamwambia kulungu atulie? Na nani atapiga picha usiku wa manane, saa ambazo wanyama wengi ndipo hutoka?

Kwa jibu la swali hilo Shiras alirudi katika mbinu ya mtumbwi aliyoijua. Akaweka taa mbele, na juu ya mtumbwi akafunga kamera mahali pa bunduki. Pamoja na taa akaandaa chombo cha unga wa magnesiamu, ambao ukiwashwa hulipuka kwa mwanga mkali wa ghafla kama radi. Mtumbwi uliposogea karibu na mnyama, mlipuko ulifanyika na kamera ikafunguliwa papo hapo. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, kwa maana unga ule ukikosewa huunguza nyuso na mikono. Katika safari nyingi alikuwa na mwongozaji wake John Hammer, aliyeshika kasia kwa utulivu usiku kucha, na bila mikono ya mtu huyo picha nyingi zisingepatikana. Miezi ilipita, vioo vikaharibika kwa mamia, wanyama wakakimbia kabla ya wakati. Subira huvuta heri: katika miaka ya 1890 Shiras alikuwa amekwisha kupata picha ambazo hakuna mtu aliyekuwa amezipata kabla yake, picha za wanyama wa porini waliopigwa usiku, katika makao yao wenyewe.

Hakuishia hapo. Alibuni njia ya kuweka kamera za ziada na mlipuko wa pili, ili baada ya mwanga wa kwanza kumshtua mnyama, mwanga wa pili umkute akiruka hewani. Kisha akafikiria zaidi: kwa nini mtu awepo hata kidogo? Akafunga kamera kando ya njia ya wanyama, akatandika uzi mwembamba kukatiza njia, au akaufungia chambo. Mnyama alipougusa uzi, kamera ilifunguka na mwanga ukawaka, akawa amejipiga picha mwenyewe. Ule ulikuwa mtego, lakini mtego usioshika mguu wala shingo. Ni vema tukikumbuke kitendawili hicho cha uzi na mwanga, kwa maana tutakirudia.

Picha kumi alizozichagua katika kazi yake ya usiku zilipelekwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, zikapata medali ya dhahabu. Mwaka 1904 zilionyeshwa tena katika maonyesho makubwa ya St. Louis, zikatunukiwa tuzo ya juu. Katika picha zake zinazosifika sana imo ya paka mwitu mmoja aliyeketi ukingoni mwa ziwa, akiutazama mwanga kwa macho yasiyo na hofu, na kivuli chake kimelala majini chini yake. Mtazamaji hahisi kwamba mnyama yule ni nyama au ngozi. Ahisi kwamba ameingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi.

Wakati huo huo Shiras aliingia katika siasa. Alikwisha kuwa mjumbe katika bunge la jimbo lake mwaka 1889 na 1890. Mwaka 1903 aliingia Baraza la Wawakilishi la Marekani kule Washington, akiwa mgombea aliyejitenga na mashine ya chama iliyotawala mji wake. Alikaa kipindi kimoja tu, mpaka mwaka 1905, wala hakutaka kingine. Lakini katika kipindi hicho kifupi alifanya jambo moja lililozidi kazi ya wengine waliokaa vipindi kumi.

Ndege wa Marekani walikuwa wakiangamia. Nchi ile ilikuwa imejaliwa njiwa wa porini waliosafiri kwa makundi makubwa hata kulifunika jua. Watu waliwaua kwa bunduki, kwa nyavu na kwa fimbo, wakawauza kwa mapipa sokoni. Mabata nayo yalipigwa wakati wa kuhama, kusini na kaskazini, bila kipimo. Kila jimbo lilikuwa na sheria yake. Jimbo moja lilipokataza, jimbo la jirani liliruhusu, na bata aliyehifadhiwa leo alipigwa kesho alipovuka mpaka. Kwa mujibu wa mafundisho ya sheria ya wakati ule, mnyama pori alikuwa mali ya jimbo alimo, na Serikali Kuu haikuwa na kauli.

Shiras, kama mwanasheria, aliona ubovu wa hoja hiyo. Alifikiri kwamba ndege asiyekaa hawezi kuwa mali ya jimbo moja. Anayezaliwa kaskazini, akalala katikati na kupisha baridi kusini ni amana ya taifa zima, na taifa zima ndilo lenye wajibu wa kumlinda. Mwezi Desemba 1904 alipeleka bungeni muswada uliotaka ndege wa kuhama wawe chini ya ulinzi wa Serikali Kuu. Wenzake wengi waliuona muswada huo kama kichekesho, na wengine waliuona kama hatari kwa mamlaka ya majimbo. Haukupita. Kipindi chake kikaisha, naye akarudi kwenye ziwa lake na mtumbwi wake.

Hata hivyo mbegu ilikuwa imekwisha kuanguka katika udongo. Mwaka 1913 wabunge wengine waliichukua hoja ile ile wakaifanya kuwa sheria. Baadhi ya mahakama za chini ziliikataa, zikisema kwamba inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba 1914, njiwa wa mwisho wa ile jamii iliyokuwa ikilifunika jua alikufa peke yake katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Majuto ni mjukuu. Ndipo njia nyingine ikatafutwa: mwezi Agosti 1916 Marekani ilifanya mkataba na Uingereza, iliyosaini kwa niaba ya Canada, wa kuwalinda ndege wanaovuka mpaka wa nchi hizo mbili. Mwaka 1918 ikatungwa sheria ya kuutekeleza mkataba huo, na mwaka 1920, katika shauri lililofunguliwa na jimbo la Missouri, Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria hiyo ni halali. Hoja ya wakili wa Pittsburgh iliyochekwa ilikuwa sasa ni msingi wa sheria ya nchi.

Tukumbuke hali yetu katika miaka hiyo. Wakati mataifa mawili yalipokuwa yakikubaliana juu ya mabata, huku kwetu mataifa ya Ulaya yalikuwa yakipigana katika ardhi isiyo yao. Mwezi Novemba 1917 jeshi la Wajerumani lilipita katika nchi hii ya kusini likavuka Ruvuma, nyuma yake likiacha vijiji vilivyonyang'anywa chakula na wapagazi. Ndege wa kuhama walipita juu ya vita vile kama wanavyopita juu ya kila mpaka, wasijue yupi adui wa nani.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1906, kwa kuwa mwaka huo una mambo ya ajabu. Mwezi Julai gazeti la National Geographic la Washington, ambalo lilikuwa jarida la wataalamu lenye maandishi mazito, lilichapisha picha 74 za Shiras katika toleo moja. Mhariri wake, Gilbert Grosvenor, alithubutu kuwapa wanyama kurasa zilizokuwa za ramani na hotuba. Wajumbe wawili wa bodi walijiuzulu kwa hasira, wakiona kwamba jarida la elimu limegeuzwa kitabu cha picha za watoto. Wasomaji walikuwa na maoni mengine. Walizipenda mno, na tangu hapo picha zikawa ndiyo sura ya gazeti hilo duniani kote. Rais Theodore Roosevelt mwenyewe alimhimiza Shiras aandike kitabu.

Mwezi huo huo wa Julai 1906, huku Masasi, aliwasili mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Karl Weule, naye akiwa na kamera, na mtambo wa kunasa sauti, na mwingine wa kupiga picha za sinema. Alizunguka Masasi na Newala akipiga picha za watu, ngoma na mila zao. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa. Na kule Kilimanjaro, Mjerumani mwingine, Carl Georg Schillings, alikuwa amekwisha kupiga picha za simba na wanyama wengine usiku kwa mwanga wa ghafla, akazichapisha katika kitabu mwaka 1905. Kwa hiyo sanaa ile ya Shiras ilifika kwetu mapema sana. Tofauti ni kwamba waliopigwa picha huku, watu kwa wanyama, hawakuulizwa, na vioo vyenyewe vilisafiri kwenda Ulaya.

Na Roosevelt, aliyependa picha za Shiras, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1909. Mwanawe Kermit alikuwa na kamera, ni kweli, lakini bunduki zilikuwa nyingi zaidi. Baba na mwana waliua wanyama 512. Wengi walikwenda kuwekwa katika majumba ya makumbusho, na hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya safari. Tunalitaja hilo tupate kuona jinsi ilivyokuwa vigumu, hata kwa mtu aliyewapenda wanyama, kuuacha mtutu na kuridhika na picha. Shiras alikuwa amewatangulia wengi wa zama zake.

Miaka iliyofuata aliitumia kusafiri. Alikwenda Alaska, Newfoundland, Panama, Florida na visiwa vya Bahamas, kila mahali akitandika uzi wake na kuwasha mwanga wake. Katika nyanda za Yellowstone aliwachunguza kulungu wakubwa kupita wote duniani, wenye pembe pana kama makafi, akaonyesha kwamba walikuwa wengi kuliko watu walivyodhani. Mwaka 1914 wataalamu waliipa jamii ya kulungu hao jina lake. Alikuwa mjumbe katika bodi ya chama kile kile kilichochapisha picha zake, na hatimaye alikikabidhi vioo vyake zaidi ya 2,000. Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 76, kilichapishwa kitabu chake kikubwa cha juzuu mbili juu ya kuwinda kwa kamera na mwanga. Alifariki dunia Marquette tarehe 24 Machi 1942, akazikwa katika mji huo.

Hayo ndiyo maisha yake. Lakini haki haiko katika kusifu tu, na hatungekuwa waaminifu kwa wasomaji wetu kama tungenyamazia upande wa pili. Shiras aliweza kuacha kuwinda kwa sababu hakuwa na njaa. Watu wa Ojibwe, ambao mbinu yao ndiyo iliyompa umaarufu, waliwinda ili wale. Na sheria za uwindaji zilizotungwa na watu wa tabaka lake ziliwabana wao kwanza kabla ya kuwabana matajiri. Sisi tunalijua jambo hilo. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alipotoa amri za kuhifadhi wanyama katika koloni la Wajerumani, mwananchi aliyewinda mababu zake wakiwinda alifanywa mhalifu, na mgeni mwenye fedha za kibali akafanywa mwindaji wa heshima. Chuki ambayo baadhi ya wanavijiji bado wanayo dhidi ya neno hifadhi ina mizizi mirefu, na afisa asiyeijua mizizi hiyo hataweza kuing'oa.

Tunajifunza nini basi?

La kwanza ni la daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ule uzi wa Shiras leo umekuwa kamera ya mtego, chombo kidogo kinachofungwa kwenye mti na kumpiga picha kila apitaye. Chombo hicho kimefanya kazi kubwa katika nchi yetu. Mwaka 2005 katika milima ya Udzungwa kilimnasa sengi mwenye uso wa kijivu, mnyama ambaye elimu haikuwa imemjua, na mwaka 2008 akapewa jina rasmi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika msitu wa Jozani, Unguja, kilitoa picha za kwanza za kanu wa Unguja akiwa hai. Na mwaka 2018 kikatoa picha iliyozusha gumzo visiwani: mnyama aliyedhaniwa kuwa ni chui wa Unguja, ambaye wataalamu walikwisha kumhesabu miongoni mwa waliotoweka. Picha hiyo haikumaliza ubishi. Lakini mzee wa Makunduchi au Jambiani aliyekuwa akisimulia habari za chui na kuchekwa alipata siku moja ya kusikilizwa, na hilo si dogo.

Daftari likifunguliwa, hesabu zake wakati mwingine huuma. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabiwa kuwa na tembo takriban 109,000. Mwaka 2014 walikuwa wamebaki kama 43,000. Katika miaka mitano wezi wa pembe walifanya kile ambacho vita na ukame havikupata kufanya, na kusini mwa nchi hii ndiko kulikoumia zaidi. Tembo wa Selous na tembo wa Niassa, ng'ambo ya Ruvuma, ni ukoo mmoja. Walipouawa upande mmoja, upande wa pili nao ulifilisika.

La pili ndilo la sheria, na hapa tunawaomba maafisa wetu watege masikio. Hoja ya Shiras ilikuwa kwamba ulinzi wa mnyama uenee mahali pote anapokwenda. Sisi tuna Ruvuma, na mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi yaliyo upande wetu hayawezi kutosha peke yake ikiwa ng'ambo hapana mlinzi, wala walinzi wa ng'ambo hawatafaa ikiwa huku tumelala. Tuna pia bahari. Vitwitwi na ndege wengine wa pwani wanaochakura mchanga wa Unguja, Pemba na Mafia maji yanapotoka, wengi wao wamezaliwa Ulaya, Asia na pwani za Ghuba. Wanyamapori si katika mambo ya Muungano. Bara ina Sheria yake ya mwaka 2009 iliyofuata ile ya mwaka 1974, na Zanzibar ina sheria yake ya misitu ya mwaka 1996. Ndege hawazijui sheria hizo mbili. Ni wajibu wa wanaozisimamia kuhakikisha kwamba nafasi iliyo kati yake haiwi mwanya wa kupitishia uharibifu, na kwamba mikataba ya kimataifa ambayo nchi imetia sahihi haibaki kuwa karatasi ndani ya makabati.

La tatu, na ndilo la mwisho, ni la mkulima wa Chiwata. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa aliyeliwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo ni mazuri, na lugha yetu iliyatunga kwa huruma. Lakini jasho likikauka lenyewe kwa kungoja, hakuna tena cha kufuta. Ikiwa tembo ni amana ya taifa zima, basi hasara yake nayo ni ya taifa zima. Si haki wote tujivunie mnyama, na mmoja peke yake amlishe. Shiras alilitetea nusu ya kwanza ya hoja hiyo bungeni mwaka 1904. Nusu ya pili ni kazi yetu, nasi tunaamini kwamba afisa atakayepeleka fidia kijijini kwa wakati wake atakuwa amewalinda tembo wengi kuliko mwenye bunduki kumi.

Wakili yule alikaa usiku mwingi katika mtumbwi, kimya, akingoja jozi ya macho iwake gizani. Alikuwa na silaha ya kuua, akachagua ya kukumbuka. Usiku wa leo, mahali fulani kati ya Masasi na Ruvuma, kuna mkulima naye amekaa macho katika dungu lake, akingoja macho kama hayo. Yeye hana kamera. Ana debe la kupiga na moto wa kutishia. Tukitaka naye achague kama alivyochagua Shiras, hatuna budi kwanza kumwondolea njaa inayomfanya ashindwe kuchagua.